Ulimi na Kasha la Herufi: Vitanza Ndimi katika Kitabu cha Peter Piper (1813) na Suala la Tahajia ya Kiswahili

Ikisiri

Vitanza ndimi huainishwa kama kipera cha fasihi simulizi, na ugumu wake huelezwa kwa kurejelea ala za kutamkia. Makala haya yanachunguza kilichotokea kipera hicho kilipoingia katika kitabu kilichochapwa. Mfano unaochunguzwa ni Peter Piper's Practical Principles of Plain and Perfect Pronunciation, kitabu cha alfabeti kilichotolewa London mwaka 1813. Inadaiwa kwamba mpangilio wa kialfabeti na mazoea ya uchapaji yalihamisha kiini cha mchezo kutoka katika sauti hadi katika herufi, na kwamba uhamisho huo unaonekana katika kurasa zenyewe. Sehemu ya mwisho inageukia Kiswahili, ambamo tahajia sanifu imeleta tatizo lililo kinyume cha hilo.

1. Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi simulizi kitanza ndimi hufasiliwa kwa ulimi. Ni kauli fupi iliyosheheni sauti zinazokaribiana, kiasi kwamba msemaji akiharakisha hutamka moja mahali pa nyingine. Fasili hiyo inatosha kwa kauli inayotoka kinywani na kuishia sikioni. Haitoshi kwa kauli iliyopangwa kwa vipande vya risasi, ikapakwa wino, ikakandamizwa juu ya karatasi na kuuzwa dukani. Kauli ya namna hiyo imepita mikononi mwa mpanga herufi kabla ya kufika kinywani mwa mtoto, na mpanga herufi hana haja na sauti. Kilichoko mbele yake ni kasha lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake.

Vitanza ndimi vya Kiingereza viliingia katika maandishi mapema, na viliingia kupitia kwa mtaalamu wa sauti. John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alitoa mwaka 1653 sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, akaitanguliza kwa risala kuhusu namna sauti za usemi zinavyoundwa kinywani. Wallis anakumbukwa pia kwa kuwafundisha viziwi kutamka, miongoni mwao Daniel Whalley mwanzoni mwa miaka ya 1660. Katika sarufi yake mna mishororo inayomhusu msokota kamba, aliyoitunga kwa kufuata mfano wa Kifaransa. Ndani yake neno moja lenye maana ya kusokota linarudiwa kama kitenzi, kama nomino ya mtenda na kama nomino ya kitu kilichosokotwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana mchezo huo, kwa kuwa sokota, msokotaji, msokoto na sokoteka ni mali ya mnyambuliko wa kila siku. Wallis alitaka kuthibitisha kwamba Kiingereza kina utajiri wa kuzalisha maneno. Kutanza kwa ulimi kulikuwa ushahidi tu, na kipimo chake kilikuwa bado ni shina la neno na sauti zake.

Miaka 160 baadaye kipimo kilikuwa kimebadilika.

2. Duka la John Harris

John Harris alirithi biashara ya vitabu vya watoto ya Elizabeth Newbery katika uwanja wa kanisa la St Paul's, London, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1805 alitoa masimulizi ya Old Mother Hubbard, na mwaka 1807 The Butterfly's Ball, shairi la William Roscoe. Vitabu hivyo vilimjengea jina kama mchapishaji aliyethubutu kuwauzia wazazi kitabu ambacho kazi yake ya kwanza ni kumchekesha mtoto. Kitabu cha Peter Piper kilitoka katika duka hilo mwaka 1813. Kina picha zilizopakwa rangi kwa mkono, na chini ya picha pana mishororo minne inayofuata kiunzi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza inatolewa kauli kwamba fulani alifanya jambo fulani. Kisha kauli hiyo inageuzwa swali, halafu inatanguliwa na neno la sharti, na mwishowe linakuja swali la kutaka kujua kitu kilichotajwa kiko wapi. Kutoka A hadi W kila herufi ina ubeti wake, hivyo kuna beti 23. X, Y na Z zimebanwa katika ubeti mmoja wa mwisho, ambamo msemaji analalamika kwamba herufi hizo tatu zimemvunja kichwa.

Jina la kitabu ni dhihaka. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 ufasaha wa matamshi ulikuwa somo lenye soko kubwa Uingereza. Thomas Sheridan, mwigizaji mzaliwa wa Ireland, alichapisha mihadhara yake kuhusu ufasaha mwaka 1762. John Walker alitoa kamusi ya matamshi mwaka 1791, akaweka tarakimu ndogo juu ya irabu ili msomaji ajue irabu ipi isomwe vipi. Kanuni, utendaji, uwazi na ukamilifu wa matamshi ni msamiati wa vitabu vya aina hiyo. Harris aliuchukua msamiati huo, akauvika herufi P kila ulipokubali, akaukabidhi kwa mcheza na pilipili. Jina hilo lina herufi p tisa kwa Kiingereza. Likitafsiriwa kama Kanuni za Vitendo za Peter Piper za Matamshi Dhahiri na Kamilifu, p zote zinatoweka isipokuwa zile za jina la mtu, na kinachobaki kujirudia ni kiunganishi za. Jambo hilo litarejelewa mbele.

Kuna dai linalopendwa kwamba Peter Piper ni Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa kisiwa kinachoitwa leo Morisi na aliyefanikisha kupelekwa kwa miche ya karafuu na kungumanga huko katika karne ya 18. Dai hilo lingewafurahisha wasomaji wa Zanzibar, kwa kuwa karafuu ya Unguja na Pemba ilitokana na mbegu za visiwa hivyo vya Wafaransa. Hata hivyo ushahidi wake ni mwembamba. Katika kitabu ambamo Billy Button, Davy Doldrum na Humphrey Hunchback wote wamebuniwa kwa ajili ya herufi zao, hakuna sababu ya P peke yake kupewa mtu wa kweli. Aliyemzaa Peter Piper ni alfabeti.

3. Herufi moja, sauti nyingi

Kurasa za irabu zinaonyesha uhamisho huo waziwazi. Katika ukurasa wa O, Oliver Oglethorpe anawatazama kwa jicho la tamaa bundi na chaza. Kwa jicho la msomaji maneno yote makuu ya mshororo huo yanaanza kwa duara lile lile. Kwa sikio hali ni nyingine kabisa. Jina Oliver lina irabu fupi, kitenzi cha kutazama kina irabu ndefu, jina la bundi linaanza kwa irabu unganifu inayokaribia au, na jina la chaza linaanza kwa irabu unganifu inayokaribia oi. Ni herufi moja yenye sauti nne. Andrew Airpump wa ukurasa wa A anapomuuliza shangazi yake kuhusu maradhi yake, A zinazotangulia maneno hayo zina angalau sauti tatu tofauti. Ukurasa wa U, wa mjomba na msaidizi wake, hauna utulivu zaidi. Ukurasa wa I umenusurika, kwani Inigo Impey na sanamu yake ya Kihindi wanatumia irabu moja fupi tangu mwanzo hadi mwisho. Kunusurika huko kunaonekana kuwa bahati, kwa maana hakuna dalili kwamba mtunzi alikutafuta.

Kwa upande wa konsonanti jambo linageuka. Hapo herufi tofauti zinagawana sauti moja. Captain Crackskull yuko katika ukurasa wa C na Kimbo Kemble katika ukurasa wa K, na wote wawili wanaanza kwa kipasuo kimoja cha kaakaa laini. Quixote Quicksight wa ukurasa wa Q ana kipasuo hicho hicho kikifuatwa na w. Mtu asiyejua kusoma akisomewa beti hizo tatu atadhani ni mchezo mmoja uliorudiwa kwa majina mengine. Ni anayeona ukurasa tu atakayejua kwamba ni michezo mitatu.

Kwa hiyo kitabu hiki kinatenganisha kilicho kimoja kwa sikio na kuunganisha kilicho vingi. Lakini ukali huo unapaswa kupimwa kwa ukurasa wa P wenyewe, ambao umeishi katika vinywa vya watu kwa zaidi ya miaka 200 ilhali Gaffer Gilpin na Lanky Lawrence wamebaki kwa wakusanyaji wa vitabu vya kale. Iona na Peter Opie waliupa nafasi katika kamusi yao ya mashairi ya watoto ya mwaka 1951, na hadi leo ndio unaotolewa kama mfano wa kwanza kila kitanza ndimi cha Kiingereza kinapotajwa. Kwa nini huo? Wingi wa herufi P si jibu, kwa kuwa kurasa nyingine nazo zina wingi wa herufi zao. Jibu liko katika kinachofuata ile p. Maneno makuu ya ubeti huo yanaanza kwa midomo kufumba, lakini silabi zake hazifungwi mahali pamoja. Katika kitendo cha kuchuma, katika kipimo kilichochumwa na katika neno la kutia siki, midomo ikifumbuka ulimi unakimbilia nyuma kuziba kwa k. Katika jina la ukoo na katika jina la pilipili midomo inarudi kufumba tena kwa p. Zaidi ya hayo irabu mbili fupi, i na e, zinapishana kati ya vipasuo hivyo. Msemaji anapaswa kukumbuka katika kila hatua kama safari hii anakwenda nyuma ya kinywa au anabaki mbele, na mwendo ukizidi kumbukumbu hiyo humtoka.

Kinachotanza ulimi, basi, ni mpishano wa vitu vinavyokaribiana. Marudio matupu hayatoshi. Humphrey Hunchback na nungunungu wake mia wana h tele, lakini h haipishani na kitu, na mtoto yeyote hupita hapo bila kujikwaa. Kitabu kilichagua marudio kuwa kanuni yake kwa sababu marudio ndiyo yanayoonekana kwenye ukurasa. Mpishano hauna herufi kubwa ya kuuwakilisha.

Ipo hesabu ndogo inayobainisha pengo hilo. Katika ubeti wa P, kwa sura inayojulikana leo, kila mshororo una herufi p tisa zikihesabiwa kubwa na ndogo, yaani 36 kwa ubeti mzima. Sauti p ni 32 tu. Tofauti ya nne inatokana na neno la pilipili, ambalo huandikwa kwa p maradufu katikati ingawa hutamkwa kwa p moja. Mpanga herufi alitoa kasha­ni vipande vinne vya risasi ambavyo hakuna ulimi uliowahi kuvitamka.

4. Ukurasa wa V

Ukurasa mmoja ulikataa kutii. Mtunzi alipofika V alikuta Kiingereza kina maneno machache ya nyumbani yanayoanza kwa sauti hiyo. Akamleta Villiam Veedon, mtu anayefuta wigi na kizibao chake, na maneno ambayo kwa tahajia ya kawaida yangeanza kwa W yameandikwa kwa V. Hiyo ni lafudhi ya watu wa kawaida wa London ya wakati ule, ambamo v na w zilibadilishana nafasi. Miaka 20 na ushei baadaye Charles Dickens aliifanya lafudhi hiyo kuwa maarufu kwa mhusika Sam Weller katika The Pickwick Papers (1836–1837), ambaye alipoulizwa mahakamani kama jina lake huandikwa kwa V au kwa W alijibu kwamba hilo hutegemea matakwa ya mwandikaji.

Katika beti zote 24 hapa ndipo tahajia ilipopindwa ili imfuate msemaji halisi. Inafaa kuona gharama yake. Kitabu kinachodai kufundisha matamshi kamilifu kinalazimika kuchapa matamshi ambayo Sheridan na Walker wangeyasahihisha, na kinafanya hivyo kwa ajili ya kujaza nafasi katika alfabeti. Dhihaka imefika mwisho wake wa kimantiki. Nafasi yenyewe ilikuwa mpya kiasi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilipanga maneno ya V pamoja na ya U, na ya J pamoja na ya I, kama ilivyokuwa desturi ya vizazi vilivyotangulia. Kwa mpangilio wa Johnson, Villiam Veedon na mjomba wa ukurasa wa U wangekaa chumba kimoja, na Jumping Jackey angemkuta Inigo Impey mlangoni.

5. Mkono wa mpanga herufi

Joseph Moxon, aliyeandika kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichoeleza kwa kina ufundi wa uchapaji (1683–1684), anaonyesha mpanga herufi akiwa amesimama mbele ya makasha, akichukua kipande kimoja kimoja na kukipanga katika kishikizo cha mkononi. Mstari husomwa kuanzia kushoto, lakini herufi zimepinduliwa juu chini, kwa kuwa uso wa kipande ni kioo cha kile kitakachoonekana kwenye karatasi. Katika hali hiyo p, q, b na d ni umbo moja lililogeuzwa. Mwanagenzi aliyekuwa akirudisha herufi kashani baada ya kazi alihitaji mazoezi ya muda mrefu asije akatupa q katika chumba cha p. Ubeti wa Peter Piper ulimpa vipande 36 vya kurudisha, kila kimoja kikiwa na uwezekano wa kukosewa. Ulitanza vidole kabla ya kutanza ndimi.

S nayo ina historia yake. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 wachapaji wa London walitumia s ndefu mwanzoni na katikati ya neno, herufi iliyotofautiana na f kwa kijiti kifupi tu cha katikati. John Bell aliiacha katika vitabu vyake katika miaka ya 1780. Benjamin Franklin, ambaye alikuwa mchapaji kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia Noah Webster tarehe 26 Desemba 1789 akisikitika kwamba mtindo mpya unaondoa s ndefu na herufi kubwa za nomino, na kwamba kurasa zinakuwa ngumu kusomeka kwa macho yaliyozeeka. Kufikia 1813 mabadiliko yalikwisha kamilika, na Sammy Smellie ananusa vumbi la makaa yake kwa s fupi. Angetokea miaka 40 kabla, ubeti wake ungejaa s zinazofanana na f, na mtoto angejikwaa kwa jicho kabla ya kufika kwenye sauti.

Jambo lisilozungumzwa sana ni ugavi wa herufi. Wachapaji walinunua herufi kwa seti, na kila seti ilikuwa na idadi iliyokadiriwa kufuatana na lugha. Orodha inayohusishwa na Samuel Morse, ambaye aliitumia kuamua alama zipi za telegrafu ziwe fupi, ilihesabiwa kutoka kwenye akiba ya mchapaji na inaonyesha viwango vya Kiingereza: e 12,000, t 9,000, a 8,000, p 1,700, k 800 na z 200, kati ya jumla ya 106,400. P ni chini ya mbili katika mia. Katika mshororo wa Peter Piper p ni karibu robo ya herufi zote. Seti kubwa kama hiyo ingeweza kupanga ubeti wa P mara 47 tu kabla ya chumba cha p kubaki kitupu, huku maelfu ya e yakiwa yamelala bila kazi. Kitabu cha Harris, kwa kumega kila ubeti kwa herufi yake, kiliepuka tatizo hilo bila kulitaja, kwani upungufu wa p katika ukurasa mmoja ulifidiwa na ukurasa uliofuata.

Hesabu hiyo hiyo ikiletwa kwenye Kiswahili inaeleza mengi. Ichukuliwe sentensi iliyobuniwa kwa ajili ya makala haya: Kikapu cha kaka kikikatika kamba, kaka hukata kamba akafunga kikapu. Ina herufi 57. K ni 16, a ni 18, na e haimo kabisa. Kwa orodha iliyotajwa, k 800 zingekwisha baada ya sentensi kupangwa mara 50, na e zote 12,000 zingebaki kashani. Seti iliyokadiriwa kwa Kiingereza haimfai anayepanga Kiswahili, hata kama kila herufi anayoihitaji imo ndani yake.

6. Brooklyn, 1936

Mashine ya Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kutumiwa na gazeti la New York Tribune mwaka 1886, iliondoa uhaba huo. Opereta hubonyeza vitufe, kalibu za shaba huanguka na kujipanga, risasi iliyoyeyuka humiminwa na mstari mzima hutoka kama kipande kimoja. Kalibu hurudi zenyewe mahali pake kwa matumizi mengine. Mwaka 1936 kampuni ya Mergenthaler Linotype ya Brooklyn ilikichapa upya kitabu cha Peter Piper kikiwa na maelezo kwamba ni zoezi la sanaa ya uchapaji, na nyumba ya Dover ilikitoa tena mwaka 1970.

Uteuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Kampuni inayouza maumbo ya herufi haingepata matini bora kuliko ile ambayo kila ukurasa wake unasisitiza umbo moja. Kwa mnunuzi wa mashine, suala la kama Oliver Oglethorpe anatamkwa kwa sauti moja au nne halikuwa na uzito wowote. Alitaka kuona O. Kilichoanza mwaka 1813 kama dhihaka ya walimu wa matamshi kilikuwa kimegeuka kielelezo cha bidhaa, na jina la kitabu likaendelea kutaja matamshi.

7. Paa wa Pate

Kiswahili kilifika katika kasha la herufi kwa njia tofauti. Kilikuwa kimeandikwa kwa karne kadhaa kwa hati ya Kiarabu, ambamo kwa desturi ba ilibeba b na p, na fa ilibeba f na v. Sentensi kama Saa sita sasa Shasha ashusha shashi safi, nayo ya kubuni, ingeonekana katika hati hiyo kama mfululizo wa umbo moja la meno matatu, tofauti ya s na sh ikiwa nukta tatu tu. Katika hati ya Kirumi sh ni vipande viwili vya risasi kwa sauti moja. Jicho linaona h ikija na kuondoka. Ulimi hauna h yoyote hapo, una kikwamizo cha ufizi kinachopishana na cha kaakaa gumu.

Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, Zanzibar, alipotoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870 aliambatisha mifano ya kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno kuja mwanzo. Mchezo huo unahesabu silabi, na hati yoyote inayoonyesha silabi inaweza kuubeba. Hata kitanza ndimi kinachojulikana zaidi Tanzania, kile cha watu wa Liwale na wali wao, hakina herufi ya kujivunia. Kimejengwa kwa wa, la, li na le zinazobadilishana nafasi. Mkusanyaji anayetaka kukipanga kialfabeti atajiuliza akiweke chini ya W au L, na hatapata jibu. Upatanisho wa ngeli nao unampa Mswahili takriri ya bure: kikombe kidogo kile kimevunjika kina ki nne mfululizo na hakimtanzi mtu. Za za tafsiri ya jina la Peter Piper ni za namna hiyo. Kitabu cha alfabeti cha vitanza ndimi vya Kiswahili kilichofuata kiunzi cha Harris kingejaa sentensi rahisi kusema.

Kosa la kinyume ndilo lililo zito zaidi. W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa na kusaidiwa sana na mjuzi Mwalimu Sikujua, alitumia alama maalumu katika mkusanyo wake wa methali wa mwaka 1891 ili kutenga vipasuo vyenye mpumuo na visivyo na mpumuo, na t ya meno na t ya ufizi. Kurasa zake zina mikwaju na nukta kiasi cha kumchosha msomaji. Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, haikuzichukua alama hizo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri za elimu na uchapaji: seti ya kawaida ya Kirumi ilitosha, na wasemaji wengi wa bara hawakuwa na tofauti hizo.

Ichukuliwe sasa sentensi Paa wa Pate apaa juu ya paa, iliyobuniwa kwa mfano wa michezo ya pwani. Kwa tahajia sanifu jicho linaona paa tatu zisizo na tofauti, na msomaji wa Dodoma au Kisangani asiyetumia mpumuo huitamka bila tabu, akishangaa imewekwa kwa nini miongoni mwa vitanza ndimi. Kwa msemaji wa Kimvita paa mnyama ana mpumuo, ilhali paa la nyumba na kitenzi cha kwenda juu havina. Midomo hufumba mahali pale pale mara tatu, na pumzi inatakiwa itoke mara ya kwanza na izuiwe mara mbili zinazofuata. Mwendo ukiongezeka, mnyama anageuka kuwa paa la nyumba. Mpishano upo, na ni mkali kuliko ule wa pilipili za Peter Piper, lakini ukurasa umeufuta. Oglethorpe aliahidi kwa jicho marudio ambayo sikio halikuyapata. Paa wa Pate anamnyima jicho mpishano ambao sikio linao.

Mhariri wa leo anayechapa vitanza ndimi vya lahaja za kaskazini kwa tahajia sanifu, bila alama wala maelezo, anachapa maneno na kuacha kitanza ndimi chenyewe nje ya kitabu. Dawa haihitaji vifaa vya Taylor vyote. Kikwaju kimoja baada ya p, t, k au ch yenye mpumuo kingetosha kwa sehemu kubwa ya mifano: P'aa wa Pate apaa juu ya paa. Katika uchapaji wa risasi kikwaju hicho kilikuwa kipande kimoja zaidi, kilichopatikana katika kila kasha la Kiingereza na kutumiwa kila siku kuonyesha herufi zilizodondoshwa.